Kuchagua Risasi za Kujazwa kwa Mkono kwa Bunduki ya Wenzo

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji, baada ya kila mlio, husukuma chini na kurudisha juu wenzo unaozunguka kifyatulio, na kwa tendo hilo moja ganda tupu hutupwa nje, risasi nyingine hupandishwa kutoka kwenye magazini, yaani sehemu inayotunza risasi, na bunduki huwa tayari kulia tena. Mtambo huu ulikomaa Marekani katikati ya karne ya 19, wala haukuchelewa kufika Pwani ya Afrika Mashariki: Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, orodha ya silaha za msafara wake ilikuwa na Winchester moja na Henry moja, kila moja ikiwa ya risasi 16, pamoja na bunduki 24 za gumegume zilizoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Katika orodha hiyo limo fundisho la kwanza kwa mtu anayetaka kuchagua risasi za kujazwa kwa mkono, kwa kuwa si kila bunduki ya wenzo inakubali risasi za namna hiyo.

Risasi nzima ina viungo vinne. Ganda, ambalo kwa kawaida ni aloi ya shaba na zinki, hubeba vingine vyote. Fataki, kikopo kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, hukaa kitakoni mwa ganda. Baruti hukaa tumboni. Na kichwa, yaani kipande cha madini kinachoruka kwenda kwenye shabaha, hubanwa mdomoni. Baada ya mlio ganda ndilo linalobaki, na kwa kuwa ndicho kiungo cha bei kubwa, mtu mwenye vifaa, ujuzi na idhini hulisafisha, hulirudishia umbo, hulitia fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya, na hiyo ndiyo risasi ya kujazwa kwa mkono. Winchester ya Stanley haikuweza kupata huduma hiyo, kwa sababu katika risasi za .44 Henry kemikali ya kuwashia ilisambazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na ukingo ukishagongwa na pini ganda halina kazi tena. Ilibidi ije modeli ya 1873 na risasi yake ya .44-40, yenye fataki ya katikati inayong'oleka, ndipo kujaza upya kuwezekane. Kwa hiyo msafiri wa 1871 aliyeishiwa risasi za Winchester bara hakuwa na la kufanya, ilhali mwenye gumegume, silaha iliyodharauliwa, alihitaji baruti na goroli tu. Hadi leo bunduki ya wenzo inayotumia risasi za fataki ya ukingoni, kama zile za .22, haihusiki na mwongozo huu.

Kabla ya ubora kuna uhalali. Nchini Tanzania sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inaweka umiliki wa bunduki na risasi chini ya leseni, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa linalojitegemea. Baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi. Mkazi wa Mbegani au Kaole, karibu na Bagamoyo, mwenye bunduki halali hapati, kwa leseni hiyo ya kumiliki peke yake, haki ya kugeuza stoo ya nyumbani kuwa karakana ya risasi. Kenya, kwa sheria yake ya silaha, sura ya 114, ina ukali unaofanana. Msomaji anayelengwa hapa ni yule anayezipata risasi hizi kwa mjazaji aliyeidhinishwa, au yule aliyehamia nchi kama Marekani au Afrika Kusini, ambako wanachama wengi wa klabu za shabaha hujaza risasi zao wenyewe. Vipimo vya baruti havimo katika kurasa hizi kwa makusudi: mahali pake ni majedwali yanayochapishwa na watengenezaji wa baruti na wa vichwa, na kipimo kilichonakiliwa kwingine, au kilichosikika barazani, hakina thamani.

Jambo linaloitofautisha bunduki ya wenzo na nyingine nyingi ni magazini yake. Katika modeli nyingi magazini ni bomba refu lililo chini ya mtutu, na risasi hulala ndani yake kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha iliyo mbele yake, palepale ilipo fataki. Bunduki inapolia hupiga teke, mstari mzima husogea na kugongana, na kichwa chenye ncha kali kinaweza kufanya kazi ya pini na kuiwasha risasi ya mbele ndani ya bomba, sentimita chache tu kutoka kwenye kiganja cha mkono ulioshika bunduki. Ndiyo maana risasi ya magazini ya bomba huwa na kichwa bapa, chenye uso mpana kuliko fataki inayouegemea, au angalau kichwa butu cha madini laini. Kampuni ya Hornady imetengeneza vichwa vyenye ncha ya mpira laini inayobonyea, navyo vinaruhusiwa katika bomba, lakini kwa sura hutofautiana kidogo tu na vyenye ncha ya plastiki ngumu, ambavyo haviruhusiwi. Mnunuzi asiyeweza kuvitofautisha kwa jicho na kwa ukucha afadhali abaki na kichwa bapa. Vilevile fataki inapaswa kukaa sawa na kitako cha ganda au chini yake kidogo, kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi, na isichomoze hata chembe. Kidole kikipitishwa juu ya kitako cha risasi huigundua fataki iliyochomoza upesi kuliko jicho, na risasi moja yenye kasoro hiyo inatosha kulitilia shaka boksi zima.

Kuna bunduki ya wenzo isiyobanwa na kanuni hiyo, nayo ina historia Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ndefu ya uwindaji, alichukua Winchester ya modeli ya 1895 katika kaliba ya .405, na modeli hiyo ina magazini ya sanduku ambamo risasi hulaliana moja juu ya nyingine, hivyo ncha ya moja haigusi fataki ya nyingine. Mwenye 1895, au mwenye bunduki mpya zaidi ya magazini ya sanduku kama Browning BLR, anaweza kutumia kichwa kilichochongoka na kufaidi uwezo wake wa kupasua hewa katika masafa marefu. Wapo pia walengaji wa bunduki za bomba wanaotia chemba risasi moja moja zenye ncha, bila kuweka hata moja kwenye bomba. Mazoea hayo hayapendezi, kwa sababu usalama wake wote unategemea kumbukumbu ya mtu, na boksi la risasi huwa halikumbuki lilikusudiwa lipigwe vipi.

Suala la pili ni nguvu. Baruti inapoungua hutoa gesi yenye shinikizo, na kila aina ya risasi imewekewa kikomo na SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha za kiraia iliyoanzishwa 1926, kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba. Kikomo cha .44-40 ni 11,000, cha .45-70 ni 28,000, cha .357 Magnum ni 35,000 na cha .30-30 ni 42,000. Tarakimu hizi hazipangi ubora. Zinaeleza mtambo uliokusudiwa. Winchester ya 1866 na ya 1873, pamoja na nakala zake zinazotengenezwa leo Italia, hufunga bolti, yaani kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, kwa viungo vinavyokunjuka mithili ya goti, na viungo hivyo havikubuniwa kuzuia nguvu kubwa. Modeli ya 1892, iliyobuniwa na John Moses Browning, ina kufuli mbili za wima zilizo imara zaidi, na nakala zake za Rossi kutoka Brazil hubeba .357 na .44 Magnum bila shida. Tatizo huja pale ambapo risasi ya jina moja inajazwa kwa viwango tofauti: .45-70 iliyojazwa kwa ajili ya Marlin ya kisasa huingia bila kipingamizi katika bunduki ya karne ya 19, na chemba haiwezi kumwonya mtu. Basi jina lililogongwa kitakoni mwa ganda halitoshi. Lebo ya boksi iseme risasi zilijazwa kwa mtambo upi, na isiposema, zihesabiwe kuwa hazifai.

Mtambo wa wenzo una tabia nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa nadra. Katika Winchester 94 na Marlin 336, bunduki mbili zilizoenea kuliko zote za .30-30, kufuli hushikilia bolti kwa nyuma badala ya mbele karibu na chemba, kwa hiyo wakati wa mlio chuma hunyumbuka kidogo na ganda hurefuka, hasa sehemu iliyo juu kidogo ya ukingo. Ganda likirudiwa mara nyingi hupata mstari mwembamba hapo, na mwishowe hukatika vipande viwili, kitako kikitoka na mwili ukibaki chemba. Mjazaji makini huingiza waya mwembamba uliokunjwa ncha, akaupitisha taratibu kwenye ukuta wa ndani wa ganda, na ncha ikikwama kwenye kijifereji kilichoanza kuchimbika ndani, ganda hilo hutupwa hata kama kwa nje linang'aa. Mnunuzi hawezi kufanya hivyo kwa risasi iliyokwisha jazwa, lakini anaweza kuuliza ganda limepigwa mara ngapi, na jibu la kusitasita ni jibu.

Wenzo pia hauna nguvu kubwa ya kusukuma risasi ndani ya chemba, tofauti na bunduki ya bolti ya kuzungusha, hivyo ganda lazima lirudishiwe umbo lake lote, kuanzia mdomoni hadi karibu na ukingo, na si shingo peke yake. Urefu wa risasi nzima nao una mipaka pande zote mbili: .30-30 haitakiwi kuzidi milimita 64.77, na .357 Magnum milimita 40.39, lakini iliyo fupi mno huweza kuteleza kwenye kijukwaa kinachopandisha risasi, au kuruhusu mbili zitoke bombani kwa pamoja na kuukwamisha mtambo. Jambo hili ndilo huwashangaza wanaotia .38 Special katika bunduki ya .357: kwa chemba inaruhusiwa kabisa, ni laini begani na ni ya gharama nafuu, lakini bunduki nyingine huila vizuri na nyingine huikataa, na hakuna njia ya kujua ila kujaribu. Mwisho, mdomo wa ganda hubanwa kwa kukunjwa kidogo ndani ya kijifereji cha kichwa, kwa sababu msukumo wa springi ya bomba pamoja na teke la bunduki huweza kukizamisha kichwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua na shinikizo likapanda. Risasi ya bomba isiyobanwa mdomo ni kazi iliyoachwa nusu.

Baada ya usalama kuthibitika ndipo usahihi wa shabaha uzungumzwe. Kichwa cha madini laini yasiyo na gamba la shaba kinatakiwa kuwa kipana kuliko mtutu, unapopimwa kutoka fereji hadi fereji, kwa takriban milimita 0.025, ili kiuzibe na gesi isipenye pembeni na kuyeyusha ngozi yake; .44-40 inahitaji uangalifu zaidi hapo, kwa kuwa mitutu ya zamani na nakala za leo hazilingani upana. Uzito wa kichwa hufuata msokoto wa mifereji ndani ya mtutu, yaani urefu ambao kichwa husafiri hadi kukamilisha mzunguko mmoja. Marlin 1894 za zamani za .44 Magnum zina msokoto wa polepole wa inchi 38, hivyo hukubaliana na vichwa vya gramu 15.6 hivi na kuanza kuyumbisha vilivyo virefu na vizito zaidi, vikaingia kwenye karatasi kwa ubavu. Mpigaji hulaumu macho au upepo wa kusi, kumbe kosa ni la hesabu. Kwa .30-30, yenye msokoto wa inchi 12 kwa kawaida, vichwa vya gramu 9.7 hadi 11 ndivyo vilivyoiletea sifa.

Aina ya mchezo nayo ina neno. Katika mashindano ya wenzo ya kuangusha sanamu za chuma, mchezo uliotoka Mexico na kustawi Marekani, kuku huwekwa mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150 na kondoo dume 200, na sanamu lazima ianguke, kuigusa hakutoshi. Mlengaji hujikuta akihitaji risasi laini kwa kuku na nzito kwa kondoo, na wengi huishia kujaza aina mbili. Kwa shabaha ya karatasi hakuna haja hiyo. Risasi ya kasi ya wastani, yenye kichwa bapa cha madini laini, huchosha bega kidogo, hutunza mtutu na ganda, na kwa bunduki nyingi hukusanya matundu yake karibu zaidi kuliko ile iliyojazwa hadi kikomo. Hata hivyo upole una mpaka wake. Kipimo kidogo mno huweza kukiacha kichwa kimekwama katikati ya mtutu mrefu, hasa kikiwa na gamba la shaba, na mlio unaofuata huweza kuupasua mtutu; tena kipimo kinachojaza robo tu ya ganda humruhusu mjazaji aliyeghafilika kukitia mara mbili bila kuona tofauti. Swali la busara kwa mjazaji ni kama baruti aliyochagua inajaza zaidi ya nusu ya ganda, kwa maana hapo kosa la kutia mara mbili humwagika mezani lenyewe.

Yote hayo ni kweli popote, lakini Pwani huongeza ya kwake. Mbegani, penye mikoko, chumvi na masika ya Machi hadi Mei, risasi haizeeki kama inavyozeeka Arusha. Unyevu ukipenya kwenye fataki au mdomoni mwa ganda hudhoofisha mwako, na chumvi ya hewani hulitia ganda kutu ya kijani. Kisa kikubwa zaidi cha kujaza risasi upya katika mwambao huu kilitokana na maji hayohayo ya bahari: Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikazamia maji ya kina kifupi na shehena yake ya bunduki na mamilioni ya risasi. Wajerumani waliiopoa shehena hiyo kwa wapiga mbizi, wakafumua risasi zilizolowa, baruti ikaanikwa, sehemu zikasafishwa, kisha zikaunganishwa tena kwa ajili ya askari wa kamanda wao Lettow-Vorbeck. Jeshi lililozingirwa lilikuwa na sababu ya kufanya hivyo, na hata baada ya kazi yote hiyo risasi zilizogoma hazikukosekana. Mlenga shabaha wa leo hana sababu: risasi iliyolowa maji ya bahari haikaushwi, huondolewa.

Anayevutiwa na baruti nyeusi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika enzi za modeli ya 1873, ajue kwamba masizi yake hunyonya unyevu, na mtutu usiooshwa kwa maji siku ileile, ukakaushwa na kupakwa mafuta, huweza kuamka na kutu asubuhi. Katika hewa ya Bagamoyo baruti isiyo na moshi ndiyo chaguo la akili kwa mtu asiye na nia ya kuosha bunduki kila jioni. Risasi zihifadhiwe katika kopo la chuma lenye mpira wa kuzibia, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati lenye kufuli na mbali na bati la paa. Zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto hupandisha shinikizo la baruti nyingi na kuizeesha mapema. Zisikae pia karibu na samadi, mbolea ya chumvichumvi au sabuni yenye amonia. Jeshi la Waingereza nchini India lilipata kuona maganda yaliyotunzwa mazizini wakati wa mvua za monsuni yakipasuka yenyewe, na chanzo, kilichothibitishwa miaka mingi baadaye, kilikuwa amonia ya mkojo wa farasi ikishambulia shaba iliyo katika mkazo.

Boksi linalostahili kununuliwa huandikwa tarehe ya kujazwa, mtengenezaji wa ganda na idadi ya mara lilipopigwa, aina ya fataki, jina na uzito wa baruti, aina na uzito wa kichwa, urefu wa risasi nzima, na bunduki iliyokusudiwa. Kwanza zinunuliwe chache. Kila moja ipitishwe chini ya mwanga: mdomo usiwe na ufa, ganda lisiwe na mwanya wala mstari unaong'aa juu ya ukingo, kichwa kisigeuke kikizungushwa kwa vidole, na urefu upimwe kwa kalipa. Kisha zipigwe tano tano kwenye karatasi moja katika kiwanja kilichoidhinishwa, masikio na macho yakiwa yamekingwa, na maganda matupu yachunguzwe baada ya kila kundi. Wenzo unaofunguka kwa ugumu, au fataki iliyosambaa hadi kingo zake zikapotea, ni dalili ya shinikizo kubwa, na zilizobaki hazipigwi. Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya wenzo kuguswa, maana mwako wa kuchelewa upo. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, upigaji usimame, bunduki ipakuliwe na mtutu uchunguzwe kwa kupitishwa ufito kabla ya risasi nyingine kutiwa.

Zile risasi za urithi zinazokutwa katika makasha ya zamani ya nyumba za Pwani, zisizo na lebo na zisizojulikana zilijazwa na nani, haziingii katika uchaguzi wowote uliojadiliwa hapa: zisifumuliwe, zisitupwe baharini wala jalalani, bali kituo cha polisi kilicho karibu kipewe taarifa ili zichukuliwe.